Laki tatu ya mwanafunzi: vitabu vya karatasi, simu, kishikwambi au Kindle?

Mdogo wangu amepata nafasi chuo cha ualimu Kasulu, na usiku mmoja alinipigia akaniuliza swali moja tu, "Dada, nina laki tatu mkononi, ninunue kishikwambi au ninunue vitabu?" Hiyo laki tatu kaipata kwa maharage ya msimu huu, amelima na mama, wamevuna, wameuza debe kwa debe, kwahiyo sikutaka kumjibu ovyo. Nikamwambia mdogo wangu nipe siku mbili. Nilivyokaa kuandika jibu likawa refu kuliko meseji, na wenye swali kama lake huku kwetu mwisho wa reli ni wengi, ndo maana naliweka hapa lote.

Mi mwenyewe nasoma Chuo Kikuu Huria nikiwa hapa hapa Kigoma, mwaka wa tatu, nakaa Mwanga. Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa majumbani na makazini kwao, yani hakuna mwalimu anaekuja kukusimamia kila asubuhi, ulichonacho mkononi cha kusoma ndo mwalimu wako. Kwa miaka hii mitatu nimesomea karatasi, nimesomea simu, nimesomea kishikwambi cha shangazi yangu ambae ni mwalimu, kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 alafu serikali ikavigawa kwa walimu, na kuna mgeni mmoja aliyekuja kwa shughuli za utafiti akaniachia Kindle yake, kile kifaa cha kampuni ya Amazon cha kusomea vitabu tu, nikakaa nayo mwezi mzima. Vyote vinne nimevishika, kwahiyo ninachosema hapa kingi nimekiona kwa macho yangu.

Tuanze na hela

Vitabu vipya vya chuo vya karatasi, vinavyotoka Dar, mi nimekua nikinunua kati ya elfu 25 na elfu 45 kimoja, na hapo bado hujalipia mzigo wa basi. Kwa laki tatu unapata kama saba au nane, basi. Vitabu vya shule vya Taasisi ya Elimu ni nafuu zaidi, na mwalimu mtarajiwa lazima avijue maana ndo atakavyosimama navyo darasani.

Alafu kuna njia ambayo watu wakilinganisha wanasahau kuihesabu kabisa, kopi. Chukua moduli ya kurasa 240, peleka steshenari, ukitoa nyingi wanakufanyia shilingi 50 kwa ukurasa, hiyo ni 12,000, kubaindi kwa spairo 2,000, jumla 14,000. Ukiomba mbele na nyuma unapata kitu chembamba kinachoingia kwenye begi bila shida. Hapa naongelea moduli ambayo chuo chenyewe kinakupa softikopi ili uisome, siongelei kitabu cha mwandishi kinachouzwa dukani, hilo ntalirudia chini maana linanigusa.

Vishikwambi vipya vya bei ya chini nilivyouliza madukani vinaanzia laki mbili na nusu, yani ukitoka mlangoni umebaki na elfu hamsini, hujanunua kava, hujanunua bando, na ndani ya kifaa hamna hata kitabu kimoja cha somo lako. Hapa ndo wengi wanakosea hesabu, mtu anadhani amenunua maktaba kumbe amenunua kabati la kuwekea.

Kindle ya bei ya chini kabisa ni zaidi ya dola 100, na madukani huku mi sijaikuta, inabidi uagize, ongeza usafiri, ongeza na roho juu mpaka ifike. Ilipotoka mara ya kwanza Novemba 2007 iliuzwa dola 399 kwahiyo imeshuka kweli kweli, ila kwa mtu anaehesabu hela kwa madebe ya maharage bado ni mzigo.

Simu anayo tayari. Hilo ndo jambo ambalo yeye alikua halihesabu, na ndo linalobadilisha hesabu nzima kwa sababu karibu kila anachotaka kufanya kwenye kishikwambi simu yake inakifanya, tofauti ni ukubwa wa kioo tu.

Umeme na jua

Watu wa Kigoma wa umri wangu tunalijua hili bila kuelezwa. Miaka mingi mji wetu ulikua haujaungwa kwenye gridi ya taifa, tukawa tunaishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, mashine ikigoma ni giza, unasikia tu watoto mtaa mzima "aaaah". Saivi hali ni afadhali sana, lakini bado kuna siku unakatika saa moja jioni unarudi saa nne, na saa moja mpaka saa nne ndo masaa ya mwanafunzi, vyombo vimeoshwa, wadogo wamelala, ndo unafungua kitabu. Mwenye karatasi anawasha taa ya sola anaendelea. Mwenye simu anaangalia chaji imebaki asilimia 18, na hiyo hiyo simu ndo tochi, ndo M-Pesa, ndo mama akipiga toka kijijini, kwahiyo unaizima unalala. Mi nimelala hivyo mara nyingi mno, na mitihani haikungoja.

Kindle kwa hapa nitaisifia bila kubana. Kioo chake kinafanya kazi tofauti kabisa na cha simu. Ndani kuna vidonge vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kila kidonge kina chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti, umeme ukipita ama nyeupe zinapanda juu ama nyeusi zinapanda, zikishapanda zinakaa pale pale bila kula umeme wowote mpaka ugeuze ukurasa. Wino huu ulitokea maabara ya chuo cha MIT huko Marekani na kampuni yenyewe inayoutengeneza, E Ink, ilianzishwa 1997. Ndo maana chaji moja inaenda wiki kadhaa. Na kwa sababu inatumia mwanga wa nje kama karatasi inavyofanya, jua likiwaka ndo inasomeka vizuri zaidi. Niliisomea chini ya mwembe saa saba mchana, jua la Kigoma mnalijua, simu nikiifungua pembeni naona sura yangu mwenyewe kwenye kioo na si kingine.

Kwahiyo kwenye umeme, karatasi ya kwanza, Kindle inaifuata karibu sana, simu na kishikwambi viko mbali huko nyuma.

PDF kwenye simu, hapa nikae kidogo

Wengi tukisema "nina kitabu kwenye simu" tunamaanisha PDF iliyorushwa kwenye grupu la WhatsApp. Na wengi wanaichukia kusoma kwa simu kwa sababu ya PDF, hawajawahi kusoma kwa kitu kingine, wakadhani tatizo ni macho yao.

PDF ilitengenezwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na kusudi lake lilikua hati ionekane vile vile kwenye kompyuta yoyote, na ikipelekwa kwenye printa itoke vile vile. Yani tangu mwanzo wazo lilikua ni karatasi. Ukurasa umepangwa kwa upana wa A4 sasa wewe unaulazimisha kwenye kioo cha kiganja, mistari inalala kama dagaa walioanikwa mchangani, huoni mmoja unaona kundi. Ukivuta zikue nusu ya mstari inatoka nje, unasukuma kulia kumalizia, unarudi kushoto kuanza mwingine, ukifika wa tatu ushasahau wa kwanza ulikua unasema nini. Alafu mtu anakwambia kijana wa siku hizi hapendi kusoma.

Kuna aina nyingine ya faili la kitabu, EPUB, ilikuja mwaka 2007 na yenyewe haina ukurasa uliokazwa, maneno yanajipanga upya kufuata kioo ulichonacho, ukikuza herufi mstari unavunjika wenyewe unashuka chini, kazi yako ni kusoma tu. Kwahiyo mahali popote ukipewa kuchagua kati ya PDF na EPUB na unajua utasomea simu, chukua EPUB.

Na kwenye bando tofauti ni kubwa mno. Kitabu cha maneno matupu cha kurasa 300 kikiwa EPUB mara nyingi hakifiki hata MB 2. Kitabu hicho hicho mtu akikipiga picha ukurasa kwa ukurasa anakutumia faili la MB 80, na ndo mengi ya kwenye magrupu yalivyo. GB moja inakupa vitabu kumi na viwili vya namna hiyo, au mamia ya EPUB. Tena ile ya picha haitafutiki, simu haijui kama pale kuna maneno, inaona picha tu. Namna ya kujua ni rahisi, bonyeza neno moja kwa sekunde mbili, likijichagua basi ni maneno, lisipojichagua umebeba picha.

Nasisitiza kutafutika kwa sababu hapo ndo digitali imeshinda na mi sibishani na mtu. Umepewa asaimenti kuhusu mtaala, una kitabu cha kurasa 400, unaandika "mtaala" unaletewa kila mahali neno lilipotajwa, dakika kumi umeshajua sura gani usome na zipi uache. Kwenye karatasi kama faharasa ya nyuma ni mbovu, na nyingi ni mbovu, utafunua mpaka vidole viote sugu. Mi asaimenti zangu zote nakusanyia kwenye simu, siku hizi hata sijaribu njia nyingine.

Kishikwambi nacho nikitendee haki. Chenye kioo cha inchi 10 PDF ya A4 inakaa vizuri, unasoma bila kuvuta vuta, na kwa mtu ambae kozi yake ina michoro mingi, ramani, hesabu, jedwali, hiyo ni faida kubwa maana EPUB kwenye michoro na hesabu huwa inavuruga. Kama mdogo wangu angekua anaenda kusomea hesabu na fizikia labda ningemjibu tofauti. Yeye anaenda Kiswahili na historia.

Kichwani kinabaki nini

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walikusanya tafiti 54 zilizofanyika kati ya 2000 na 2017, washiriki wote kwa pamoja zaidi ya 170,000, wakaangalia nani anaelewa zaidi, aliesoma kwenye karatasi au aliesoma kwenye kioo. Karatasi ikawa mbele. Si kwa tofauti ya kutisha, ila mbele. Na kilichonigusa mimi ni maelezo yake ya ndani, tofauti ilikua kubwa pale msomaji alipokua anabanwa na muda, na ilionekana kwenye maandishi ya kufundisha, ya taarifa, wakati kwenye hadithi tupu hawakuiona. Pia hawakukuta kwamba kadri miaka inavyokwenda watu wanazoea kioo na tofauti inapungua, badala yake ilikua inaongezeka.

Nilivyosoma hivyo nikasema hii ni habari yangu kabisa. Hadithi nasoma kwa simu usiku mpaka naimaliza na naikumbuka yote. Lakini saikolojia ya elimu niliisoma kwa simu mara mbili, nikaingia kwenye mtihani nikawa najua kwamba nilisoma, nakumbuka rangi ya skrini, nadharia yenyewe sioni. Nilipoirudia kwa kopi ya karatasi nilikua nakumbuka mpaka mahali, hii iko ukurasa wa kushoto, chini, pale nilipoangushia chai, alafu na maneno yanakuja nyuma yake. Karatasi ina mahali, kidole chako kinajua umefika wapi, kimebaki kiasi gani, simu kila ukurasa ni ule ule.

Na simu haiji peke yake, unafungua sura ya tatu, meseji inaingia juu, grupu la familia, grupu la kwaya, mtu anauza migebuka, unajibu moja, ukirudi dakika ishirini zimekwenda. Unaweza kuzima data, ni kweli, mi nazima. Ila ni vita ya kila siku na kitabu cha karatasi hakikupi vita hiyo.

Kitabu ni cha nani

Julai 2009 watu waliokua wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle walikuta vimefutwa ndani ya vifaa vyao, Amazon walivifuta kwa mbali kwa sababu aliyeviweka dukani hakua na haki navyo. Hela zilirudishwa na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, na vitabu ambavyo watu walishanunua vikaacha kufunguka, nao wakarudishiwa hela. Hela imerudi sawa, lakini fikiria umeshapigia mistari, umeandika notsi zako pembeni, wiki inayofuata una mtihani. Ukinunua kitabu kwenye maduka haya mara nyingi unachopewa ni ruhusa ya kusoma, kitabu kinabaki kwao.

Cha karatasi ukishalipia ni chako mpaka kizeeke. Kitabu changu kimoja cha historia kimeenda Ujiji kwa binamu, kikaenda Gungu kwa rafiki yake, kikapanda gari mpaka Kibondo, kimerudi baada ya mwaka na nusu kikiwa na kava la gazeti na maswali ya mtihani yameandikwa kwa penseli mwishoni, na maswali mawili kati ya hayo yalinisaidia mimi mwenye kitabu. Kwenye familia zetu kitabu kimoja kinasomesha watu wanne. Cha kwenye akaunti yako ya simu huwezi kumpa mdogo wako akaenda nacho bila kumpa na simu.

Najua mtu atasema, mbona PDF unamtumia mtu bure sekunde moja. Hapo ndo niliposema linanigusa. Kama ni moduli ya chuo, au kitabu ambacho mwenyewe amekiachia kisambazwe, tuma mpaka uchoke. Lakini kitabu cha mwandishi wetu wa Kitanzania ambacho amekaa miaka kukiandika, kinauzwa elfu kumi na tano, mtu mmoja anakiskani anakirusha kwenye magrupu ishirini, huyo mwandishi kitabu cha pili atakiandika kwa nguvu gani? Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, ila kwenye simu zetu hafiki hata wiki. Nawaomba kabisa, Kiswahili kina vitabu vichache vya taaluma na hivyo vichache tunaviua wenyewe, alafu tunalalamika kwamba kila kitu chuoni ni Kiingereza.

Kupotea

Simu yangu ya kwanza ya maana ilidondoka majini pale Kibirizi nikishuka kwenye boti, mvua imenyesha, ubao unateleza, nilinyoosha mkono kumpokea mtoto wa watu na simu ikatoka mfukoni. Ndani kulikua na notsi za mwaka mzima na vitabu kama arobaini. Zilikua zimebaki wiki tatu tuingie kwenye mitihani. Sikua nimehifadhi popote, hata kujitumia kwa barua pepe, kosa ni langu. Tangu siku ile kila nikidanlodi kitu kinaenda Google Drive hapo hapo na nakala nyingine kwenye memori kadi ambayo inakaa nyumbani. Hii ni nguvu ya digitali ambayo karatasi haina, kitabu kimoja kinaweza kukaa sehemu tatu bila gharama, lakini ni nguvu kwa aliyeitumia tu.

Msidhani karatasi iko salama. Vitabu vyangu vya sekondari niliviweka kwenye boksi chini ya kitanda nyumbani, masika yote sikuvifungua, nilipofungua nikakuta mchwa wamepanda toka kwenye sakafu ya udongo wamekula toka chini kwenda juu, kava za juu zimebaki nzima nzuri kabisa, ukinyanyua ni vumbi. Nililia. Huku kwetu kitabu kikae juu ya rafu, mbali na ukuta, na kifunguliwe mara kwa mara. Na kisikae jikoni, mawese yakigusa ukurasa hayatoki.

Magazeti

Hapa sina maneno mengi, simu imeshinda. Nikiwa mdogo gazeti la asubuhi la Dar lilikua linatufikia limeshachelewa, baba analisoma kama vile ni la leo. Sasa saa moja asubuhi unasoma kitu kile kile anachosoma mtu wa Kariakoo. Kwa habari usinunue karatasi, hela hiyo weka kwenye kitabu.

Vya bure ambavyo wengi hawavijui

Taasisi ya Elimu Tanzania wana Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vya shule viko humo na unasoma bila kulipa, kwa mwalimu mtarajiwa hii peke yake inaokoa hela nyingi. Shule Direct nao wana masomo ya sekondari mtandaoni. Kwa atakaefundisha watoto wadogo nampendekezea sana African Storybook, mradi uliozinduliwa 2014 toka Afrika Kusini, una vitabu vya hadithi vyenye picha kwa lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo, na wenyewe wanaruhusu uvichapishe, kwahiyo unaingia steshenari unatoa kopi kumi unaenda nazo darasani kwa amani ya moyo. Nimeona watoto wa darasa la pili wanavyogombania vile vikaratasi, wengine hawajawahi kushika kitabu ambacho si cha somo.

Kama Kiingereza kinapanda, kuna Project Gutenberg, hao ndo wakongwe, mwanzilishi wake Michael Hart alianza mwaka 1971 kwa kuandika Tamko la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta ya chuo ili watu wengine waweze kulisoma, leo wana vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki yake imeisha Marekani, vyote bure na EPUB ipo. Vingi ni Kiingereza, na vya zamani, ila kwa historia na fasihi utapata cha kula.

Na kuna maktaba ya mkoa, ya watu, yenye viti na meza na utulivu. Kwa anaeishi chumba kimoja na watu watano, huo utulivu wenyewe ni mali.

Nilichomwambia

Nilimpigia siku ya pili yake usiku kama nilivyoahidi. Nikamwambia mdogo wangu kishikwambi usinunue, sio kwamba ni kibaya, ila kwa laki tatu kitameza hela yote na masomo yako sio ya michoro. Kindle ni nzuri kuliko vyote kwa macho na kwa chaji, siku ukianza kazi na mshahara ukaingia iwe ya kwanza kwenye orodha, saivi hapana.

Hela yako iende hivi. Usinunue kitabu chochote kabla hujaingia darasani wiki mbili, kaa usikilize mwalimu anataja kipi mara nyingi, uliza na wa mwaka wa pili. Kisha nunua vitabu vitatu vya msingi, vile vya kusoma na kurudia mpaka mtihani, weka laki moja na ishirini, na ukipata vilivyotumika vikiwa vizima chukua vilivyotumika. Elfu hamsini iwe ya kutolea kopi moduli tatu nne zitakazokusumbua zaidi. Elfu thelathini nunua pawabenki ya kueleweka na memori kadi, uweke programu moja ya kusomea EPUB kwenye simu. Elfu arobaini iwe ya bando, ya muhula mzima, ukidanlodi EPUB na kuacha hizo za picha itatosha. Inabaki elfu sitini, hiyo usiiguse, chuo kina mambo yake.

Akauliza, "Sasa dada wenzangu wakija na vishikwambi mi nitaonekanaje?" Nikamwambia mdogo wangu, wewe una simu, una kitabu kwenye begi na umeme ukikatika utakua unasoma. Akanyamaza kidogo akasema sawa dada.

Juzi kanitumia picha. Amepata kile cha saikolojia ya elimu kwa mwanafunzi anaemaliza, elfu 12, kava limechoka lakini kurasa zote zipo, na ukurasa wa kwanza kuna majina matatu ya waliokitumia kabla yake, kila jina na mwaka wake. Anauliza ayafute? Nikamwambia usifute hata moja, andika la kwako chini yao, kwa kalamu ya wino.